Ukoo wa Kuazima

Nilikariri mababu wasio wangu kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa akinikalisha mbele ya nyumba yetu, nje kidogo ya Kotile, akinitajia jina la mzee mmoja, la baba yake, la babu yake, mpaka huko juu ambako ukoo mzima unakutana. Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Kwa Wasomali wafugaji, mtu mkikutana njiani, salamu zikiisha atataka kujua wewe ni wa ukoo gani, na ukikosa jibu hana mahali pa kukuweka. Mababu wale walikuwa wa jirani yetu, mfugaji niliyemwita adeer, yaani ndugu wa baba, ingawa hatukuwa na tone la damu naye.

Sisi ni Waaweer, watu wa msitu na asali. Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa miaka ya sitini, serikali iliwatoa wazee wetu msituni ikawapanga kando ya barabara. Baba, kijana wakati huo, alikimbilia Kotile na mama yake, hawana ng'ombe wala mbuzi. Adeer akawapokea. Alimpa baba ng'ombe wa kukamua, na kubwa zaidi, alimpa ukoo wake. Kuanzia siku hiyo aliyemwita baba Boni, jina la kutudharau sisi watu wa msitu, alikuwa amemtukana adeer mwenyewe. Niliwahi kumwona akimkimbiza kijana mmoja kwa fimbo mpaka kisimani kwa neno hilo. Ndiyo desturi: ukishampa mtu mababu zako, humkumbushi tena kwamba ni wa kuazima. Simsemi vibaya mzee yule. Alitupenda, na mapenzi yake yalinitia hasira miaka yote.

Nyanya ndiye aliyegoma. Alinisikia nikikariri, akacheka mpaka akakohoa. "Wenzetu wana mababu wengi," aliniambia, "hata ng'ombe wao wana mababu. Mimi ni Mwaweer. Nikipiga mbinja, ndege wa asali anakuja. Muulize adeer wako kama kuna ndege anayemjibu." Baba alimwomba anyamaze, watu wasisikie. Nyanya alipunguza sauti, lakini hakunyamaza.

Kisha ukaja ukame wa miaka ile ya tisini. Ng'ombe walianguka mmoja mmoja kando ya kisima, na harufu yao ikaingia mpaka kwenye chai. Kuwinda serikali ilikuwa imepiga marufuku zamani, na nyuki wenyewe walikuwa wamehama. Mshahara wangu wa ualimu usio na cheti ulikuja ulipotaka. Chakula cha msaada kilipofika, kiligawiwa kwa mkono wa wazee wa ukoo, kwa waliopoteza mifugo. Ng'ombe aliyekufa nyumbani kwetu alihesabiwa wa adeer, kwa hiyo sisi hatukupata kitu. Adeer alitumegea fungu lake hadi likaisha, yeye na watoto wake wakalala njaa pamoja nasi. Nyanya aliacha kula ili wadogo zangu wale. Alipokuwa haamki tena bila kushikwa, tulijua kwamba bila mahindi hamalizi mwezi.

Ndipo lori likaja, linaelekea kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na mbele yake gari dogo la mama mmoja wa shirika kutoka Nairobi. Aliniomba nimkalimanie kwenye mkutano pale shuleni. Alikuwa mtu mwema, hilo nalisema wazi. Alieleza kwamba yapo magunia yaliyotengwa kwa ajili ya watu wa msitu, kwa kuwa mgao wa koo unawaruka. Ila kwanza alitaka kujua waitwe nani. Katika barua za ofisini alikuta Boni, akakuta Wasanye, akakuta wawindaji, na alikuwa amesikia kwamba mengine ni matusi.

"Sitaki kumwandika mtu kwa jina la kumdharau," alisema. "Waseme wenyewe wanavyojiita, na serikali italitumia jina hilo."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilikuwa na furaha, sina haja ya kuficha. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kutuuliza hivyo.

Adeer akasimama. Alimjibu mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Mama, hapa hapana Boni, hapana nini. Hii ni ndugu yangu, damu moja. Wewe nataka tenga yeye mbele ya watu kama mbuzi ya ugonjwa?" Akaja akasimama kando ya baba, akamwekea mkono begani. Wazee wakaitikia, wallahi, wallahi, na wengine walikuwa na machozi.

Yule mama akaona haya. Hata hivyo hakukata tamaa. Alimgeukia baba, akasema mzee aseme mwenyewe.

Baba aliutazama mkono ule begani. Najua alichokuwa akipima. Lori lingeondoka jioni ile, na adeer angebaki. Usiache mbachao kwa msala upitao. Angejitenga pale, wangesema fadhila za punda ni mateke, na kesho nani angempa maji kisimani?

"Mwambie mimi ni ndugu yake," alisema.

Nikamwambia. Wapo wanaoniuliza mpaka leo kwa nini sikuongeza neno langu. Ukoo wa nyumba husemwa na baba, na baba alikuwa hai, amesimama. Waniache. Lori liliwasha injini likaenda na magunia yake.

Tulimkuta nyanya macho. Alikuwa amesikia lori. "Wameniita nani?" aliuliza.

Baba aliinama kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa tayari. "Basi sikuitwa," nyanya alisema, akageukia ukutani.

Alikufa kabla ya mwezi kuandama. Adeer alifanya yote aliyotakiwa kufanya ndugu. Alitafuta sanda wakati hakuna mwenye kitu, akachimba kaburi kwa mikono yake katika makaburi ya ukoo wake, karibu na mama yake mzazi. Baada ya dua aliwageukia watu waliotoka mbali, wasiomjua marehemu, akawaambia wamezika mama wa ukoo wake. Akaanza kuwataja wale mababu.

Baba alikuwa bado amepiga magoti, mikono ina udongo hadi viwikoni. "Nyamaza," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwambia adeer neno kama hilo. "Mama yangu alikuwa Mwaweer."

Adeer alimwita baba mara mbili, ndugu yangu, ndugu yangu, na baba hakuinua uso. Basi akanigeukia mimi mkalimani, machozi yakimtiririka kwenye ndevu.

"Nani amemtukana ndugu yangu?" aliniuliza. "Niambie ni nani, nimfuate sasa hivi."