Dakika Mbili za Kaseti ya Mama

Mimi si mtu wa kukaa kimya, lakini kukaa ndani nimekaa. Miaka kumi na sita katika nyumba ya mume wangu Thuwaini hapa mtaa wa Kanyenye, na mlango wa ua umefungwa. Yeye ni fundi redio, mtu mpole, ila kwa jambo moja alikuwa jiwe: mkewe haendi darasa la watu wazima kuchanganyika na wanaume. Nchi nzima inasoma, jirani yangu Apolinaria ameshaanza kuandika barua, mimi nachungulia dirishani na hasira zangu.

Nikamsumbua mpaka akachoka. Mwaka 1984 kaka yake, Humaidi, akaleta kompyuta ndogo ya nyumbani kutoka Maskati, pamoja na televisheni yake. Ilipitaje forodhani sijui, na sikuuliza. Thuwaini akatunga programu ya kunifundisha herufi, akairekodi kwenye kaseti.

"Mama Khole," akasema, "shule yako hii hapa."

Yaani hata shule nayo ikaja kunifungia ndani.

Tena shule yenyewe balaa. Umeme ukikatika, mashine husahau kila kitu. Ukirudi, lazima kaseti ichezwe upya mashine iinyonye programu, ipige mayowe dakika kumi na mbili ndipo herufi zitokee. Dakika ya kumi na tatu umeme unakatika tena. Miezi mitatu sikuvuka D. Nikamwambia afadhali anifunge kamba mguuni nijue moja.

Yakamwingia. Akaondoa picha kwenye programu, akaondoa vinyimbo, akabakiza herufi na maneno tu. Siku moja akaniita, uso unang'aa: sasa ni dakika mbili. Kweli, mbili. Nilifurahi, sitasema uongo. Nikamuuliza kaseti nyingine ya kurekodia kaipata wapi, maana madukani hazikuwepo.

"Ile ya kabatini, yenye uzi mwekundu. Haikuandikwa kitu."

Haikuandikwa kwa sababu mwenyewe sijui kuandika. Uzi ndio alama yangu. Humo mlikuwa na sauti ya mama yangu, barua yake ya mwisho kutoka Maskati, na mama mwenyewe tulikwisha kumsomea hitima. Mtaa mzima mimi ni Mama Khole. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiniita jina langu.

Nililia, nikamtukana yeye, nikamtukana na Humaidi. Thuwaini akaitia kaseti kwenye redio. Ikapiga mayowe dakika mbili, ikanyamaza kidogo, kisha sauti ya mama ikatoka, katikati ya maneno, ananikumbusha dawa ya kifua. Programu ilikuwa fupi, ilikula mwanzo tu. Lakini mwanzo ndipo aliponiita jina langu.

Tangu hapo nilikaa na mashine yake, umeme ukirudi naiwasha, dakika mbili nasubiri, nasoma kwa chuki. Nikavuka D. Nikafika Z, herufi yangu.

Baadaye akataka kurefusha programu, arudishe zile picha, na urefu huo ungekula sauti ya mama iliyobaki. Akafungua kabati kuchukua ile kaseti yenye uzi mwekundu. Nilikuwa nimekwisha kuiandika jalada kwa kalamu, herufi zimepinda lakini zinasomeka.

"Soma kwanza," nikamwambia.

Akaisogeza dirishani, akasoma taratibu, kwa sauti: "Mwanangu Zeyana."

Nikamwambia arudie.