Joho Lililoshonwa Mwilini

Sikuombi uniamini kwa hisani. Mimi mwenyewe nimelipinga jambo hili kwa kila hoja niliyofundishwa chuoni, na bado liko palepale. Lilitokea mtaani Yeoville, huku kusini tulikokimbilia, mchana kweupe, mwaka 2019, wiki ile maduka ya wageni yalipokuwa yakivunjwa.

Tantine Zawadi, dada wa baba yangu, ni fundi nguo. Cherehani yake ndiyo iliyotulisha tangu tutoke Bukavu, na ndiyo iliyonisomesha. Siku hiyo aliwapeleka watoto wakajifiche kanisani, akaniacha nilinde duka.

“Wakija, kimbia,” aliniambia. “Lakini kimbia na mashini.”

Mashini ya chuma, na meza yake ya chuma! Ningekimbia nayo vipi?

Nikajifungia ndani na vitabu vyangu. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya katuni za Kimarekani za wakati wa Vita Kuu ya Pili: wanaume wa barakoa na majoho wakipiga majambazi na majasusi. Nilizipata mtaa wa Observatory, kwenye nyumba ya marehemu mmoja, vyombo vyake vikiuzwa uani. Niliandika kwamba mashujaa wale walikuwa matangazo ya vita tu, na kwamba Mwafrika kwao alikuwa kichekesho. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini nikuambie ukweli? Niliwapenda. Hasa mmoja asiye na jina kubwa, Bawabu, aliyedumu matoleo matatu tu. Hakuruka angani. Alisimama mlangoni mwa mtu mnyonge na joho lake jekundu, basi.

Saa tisa hivi nikasikia mageti ya chuma yakigongwa kwa nyundo kule chini barabarani. Papo hapo mlango wangu ukabishwa, taratibu, kama mteja. Nikachungulia. Barakoa ya kijivu. Joho jekundu, limechanika toka bega hadi kiuno. Nilidhani ni mwigizaji, mpaka alipoingia. Rangi ya joho ilikuwa imepita mstari wake kidogo, kama chapa ya bei rahisi, na alipogeuka, ile rangi ilichelewa kumfuata.

“Fundi yuko?” aliuliza, kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu. Usiniulize alikijulia wapi.

“Ametoka. Mimi ni mtoto wake.”

“Unajua kushona?”

“Kidogo.”

“Kidogo inatosha. Harakisha.”

Nikamwambia avue. Kwetu nguo haishonwi mwilini. Anayeshonewa akiwa ameivaa ni maiti peke yake, ndani ya sanda.

“Haivuliki,” alisema. “Walinichora nayo.”

Nikacheka kimoyomoyo. Msomi mzima, nihangaike na miko ya bibi zetu? Nikatunga uzi, nikashona. Joho lilikuwa baridi kama karatasi. Nikashindwa kuzuia swali langu.

“Mbona hamkuja kwetu? Vita vyote vile?”

Akatazama mlango. “Hakuna aliyenichora nikija huko. Leo nimekuja mwenyewe.”

Nikakata uzi kwa meno. Akatoka, akasimama mlangoni, mgongo kwangu. Wakafika, wanaume wengi, na nyundo na vyuma. Hakuinua hata kidole. Wa mbele akasita. “Eish, hapa pana mtu,” akasema, na wote wakapita.

Ndipo nikaona ule mshono wangu unakuwa mweupe, weupe ukitambaa hadi mabegani, kama karatasi iliyoachwa juani.

“Umeshona vizuri,” alisema bila kugeuka. Kisha mlango ukawa mtupu.

Tantine aliporudi nilimsimulia nikitarajia anicheke. Hakucheka.

“Alikuwa ameivaa?”

“Ndiyo.”

“Ukamshonea mwilini? Weye mwana! Shule yote ile, na akili ya sindano hauna!”

Akakaa chini, akamlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona. Jioni akatuwekea matanga, chai na mikate. Wasusi wa saluni ya jirani wakaja, wakauliza marehemu alikuwa mtu wa wapi.

“Wa Amerika,” akajibu Tantine. “Lakini alifia kwetu.”

Tasnifu niliimaliza, hoja zote zimo. Ila sishiki tena sindano, na kila maduka yanapovunjwa husimama nikiangalia mlango. Hajarudi.

Basi wewe unayecheka, siku akikubishia hodi mtu wa namna hiyo, mpe maji, mpe kiti, umshukuru. Uzi na sindano vifiche. Alikuja na tundu la joho lake mpaka mlangoni kwangu, na angeweza kusimama nalo hivyohivyo.