Nembo ya Mwalimu wa Karate

Siku fundi wa kudarizi alipomwona kwa mara ya kwanza, mwalimu wa karate, mwanamke wa makamo kama yeye, aliingia kibandani na koti jeupe begani na kitabu cha katuni za Kijapani mkononi.

"Fundi, nidarizie kobe huyu mgongoni," alisema. "Humu kitabuni ni nembo ya mpiganaji asiyekata tamaa. Nina mwanafunzi mzito kama gunia, lakini hakosi mazoezi."

Tangu hapo kila mwanafunzi alipewa nembo ya mpiganaji wa katuni anayefanana naye tabia. Fundi, mtu wa maneno ya kuhesabu, aliazima vitabu vyote akajua maana ya kila nembo.

"Wewe ungepewa konokono," mwalimu alimtania. "Ukiguswa tu, umeshaingia ndani."

Mwishowe akaleta koti lake mwenyewe. "Langu nichagulie wewe," alisema, macho chini.

Fundi alitaka kumdarizia taa, nembo ya mpiganaji anayesubiriwa nyumbani. Alikwisha kuichora kwa chaki, kisha woga ukamshika. Akaifuta, akadarizi mlima, nembo ya yule asiyemhitaji mtu, akijidanganya kwamba hiyo ndiyo heshima.

Baadaye mwalimu alihama mji, hawakuonana tena. Fundi angali anaijutia taa ile, na bado anamwona siku aliyokuja kulichukua koti, akiupapasa ule mlima kwa kidole kabla ya kutoka.

"Kumbe ndivyo unavyoniona, fundi. Haya, nimekuelewa."