Nilivyojitangazia Msiba

Wenzangu, bado natafuta pa kuuficha uso wangu, ingawa namshukuru Mola kwa kunibakishia uhai wa kujuta.

Msikiti wetu hapa Tingi ulikuwa unatengenezewa mfumo wa kutangaza misiba kwa simu. Zuhura, mtengenezaji wake, aliujenga kwa vipande vinavyojitegemea: kimoja kinatunza orodha ya waumini, kingine kinatuma ujumbe. Kila wiki mbili alituletea kilichokamilika, nami, katibu wa msikiti, nikakijaribu.

Kikao cha mwisho alisema, "Babu, sasa vipande vimeunganishwa. Ukituma, unawafikia waumini wote. Umenielewa?"

Nilikuwa navuta uradi kwa tasbihi, maneno yake yakinipita. Nikaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, nikajaribu kutuma. Sikuthubutu kumzulia mwingine kifo, nikaandika jina langu: Mzee Athumani ametutoka, mazishi leo alasiri. Nilidhani ujumbe ungeishia kwenye simu yangu, kama majaribio yote ya awali. Nikajilaza.

Niliamshwa na vilio. Uani wanawake walikuwa wamejaa. Imamu alisimama mlangoni, sanda kwapani, na nyuma yake vijana wenye majembe, udongo wa kaburi umewatapakaa hadi magotini.

"Athumani! Nani kakuzushia haya?"

Dada yangu Somoe, aliyejikokota na mkongojo wake juani, alinishika mikono.

"Mtaje hasidi huyo, mdogo wangu. Nimwombee laana sasa hivi, watu wote waitikie amina."

Viganja vilikwisha kuinuliwa uani kote.

"Dada, usiombe," nilisema. "Ni mimi."