Nguzo ya Mwisho Kakese

Kebo niliichagua mimi. Faiba ya mtandao ilikuwa ipite juu, kwenye nguzo zilezile za umeme zinazotoka Mpanda mjini kwenda Kakese, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuamua kebo gani itundikwe chini ya nyaya za umeme. Kulikuwa na nyepesi na nene. Zote hazina chuma ndani, kwa hiyo hazipitishi umeme. Nikachukua nene, kwa sababu kule mashambani upepo ni mkali na nguzo zimeachana sana.

Mwenzangu alitikisa kichwa. "Hiyo nzito, kaka. Nguzo zenyewe umeziona?"

Alikuwa Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao. Mrefu, hodari wa kupanda. Tulifanya kazi pamoja miaka minne, mimi chini, yeye juu.

Kabla mtu hajapanda, nguzo ya mti hugongwa kwa nyundo karibu na udongo. Iliyo nzima hulia ngo! Iliyoliwa na mchwa hutoa mlio mzito, kama umepiga gunia la pumba. Siku ile umeme ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, tukaambiwa utarudishwa saa tisa. Saa nane na nusu tulikuwa tumebakiza nguzo moja, kando ya shamba la mahindi. Nikaigonga. Haikulia kama nzima, wala haikulia kama mbovu. Nikagonga tena. Yeye alikuwa ameshafunga mkanda.

"Vipi, iko salama?"

"Panda," nikasema.

Alifika juu, akaishika kebo, akanipungia mkono niikaze. Nikakaza. Nguzo ikakatika chini, palepale nilipogonga, ikalala shambani pamoja naye. Tulimpakia kwenye gari letu. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Msibani nilimwambia mama yake kwamba nguzo ilikuwa mbovu. Ofisini nikasema hivyohivyo, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Ikasimikwa nguzo mpya, kebo ikavutwa, Kakese wakapata mtandao. Mimi kila nikiinama kugonga nguzo namsikia nyuma ya bega langu, kwa sauti yake ya kawaida kabisa: vipi, iko salama? Nageuka. Wenzangu wanadhani nimeona nyoka.

Mwaka uliofuata nilishindwa kuendelea hivyo. Nikaenda kwa mama yake, nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote: mlio wa nyundo, saa zilivyotubana, lile neno moja nililomjibu mwanawe.

Alimaliza hindi alilokuwa nalo mkononi.

"Ulijua?"

"Nilikuwa na shaka, mama."

"Na ukamwambia apande."

"Nilimwambia."

Hakulia, wala hakunifukuza. Alichukua hindi jingine, akalishika tu bila kulipukuchua. Kuku walikuja wakadonoa punje miguuni pake, hakuwafukuza.

"Habari hii usinisimulie tena," alisema mwishowe. "Lakini uwe unakuja."

Naenda. Nampelekea sukari, namshikia simu akitaka kuwaona wajukuu walioko Mwanza. Siku hizi macho yake yamefifia. Nikipiga hodi, mara nyingine ananikaribisha kwa jina la mwanawe. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Sasa naitika.