Samaki wa Jirani Mfilipino

Mtu anakaanga samaki wakavu ghorofa ya chini, na harufu ile ya chumvi inanirudisha kwenye nyumba yetu ya Ingleburn, kule Australia, wakati wa korona tulipofungiwa ndani.

Mjomba wangu, aliyekuzwa kwa dagaa, aliishi nasi. Alifanya kazi ya ofisi mezani petu, tai juu na kaptura chini, na alitukataza kusema Kiswahili uani majirani wasisikie. Jirani yetu Mfilipino alifanya kazi ya kuhudumia wazee wa Kiaustralia. Asubuhi moja, akitoka zamu, alikaanga samaki uani huku akiimba kwa lugha yao. Mjomba akafungua dirisha.

"Mama, harufu gani hiyo? Hapa ni Australia!"

Yule mwanamke hakugeuka. "Hiyo Australia naiogesha kila siku kazini. Nikifika kwangu nakula cha kwetu."

"Mshamba," mjomba akanung'unika, akafunga dirisha.

Mama yangu alikuwa amesikia yote. Akasonga ugali, akatoka nao hadi kwenye uzio. "Dada, tugawane."

Tulikula kwa vidole, yeye upande wake wa uzio na sisi wetu, mafuta yakitiririka hadi viwikoni. Mjomba alibaki mezani na mkate wake, akiukata kwa kisu na uma kama mtu anayetazamwa.