Trei ya Rehani Dirishani

Shemeji yangu tulimwita Nyundo, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alipasua redio kwa sababu ilikuwa ikiimba alipoingia. Alimbamiza paka ukutani kwa kulalia shati lake. Akamng'oa dada yangu meno mawili ya mbele kwa ngumi moja, eti chai imepoa. Ndugu wa pande zote mbili walimwambia dada avumilie, nami nikatamani kila aliyesema hivyo apigwe yeye, japo wiki moja tu.

Dada ni fundi cherehani, anashonea katika chumba cha mbele. Alizoea kuficha kila anachokipenda ndani ya kabati la vitambaa: hereni, picha ya mama, hata peremende. Basi nilipomletea kisanduku cha kuoteshea viungo ndani ya nyumba, chenye trei, mfuniko wa plastiki, udongo na pakiti ya mbegu za rehani, alipanda vizuri, akanyunyiza maji, halafu akakiingiza kabatini chini ya vitambaa vya suti.

Mbegu ziliota. Ila miche ilitoka myeupe, mirefu kama nyuzi, ikalala yote. Dada akadhani amezidisha maji. Nikamwambia miche inataka mwanga, aifunue, aiweke dirishani. Akacheka, kiganja mdomoni kuficha pengo, akasema nyumba hii kinachoonekana huvunjwa.

Lakini alipanda tena. Safari hii trei ikakaa mwisho wa meza ya kukatia, dirishani kabisa, bila mfuniko. Rehani ikanukia mpaka kwa wateja mlangoni, na dada akawa anaisemesha asubuhi akidhani hasikiki. Mimi niliogopa, kusema kweli.

Siku Nyundo alipoiona, nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikisubiri dada amalize kuipiga pasi suruali yangu. Aliingia kwa teke kama kawaida yake, akauliza nani kaleta takataka nyumbani kwake, akainyanyua trei.

"Weka chini," dada alisema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwamuru hata kuku. Nyundo akaibamiza trei pale pale mezani, udongo ukaruka kote. Akamkaba dada shingo, akaukandamiza uso wake kwenye udongo ule na kumwambia ale. Nilimrukia mgongoni, akanipiga kiwiko nikaona nyota. Mkono wa dada ulikuwa bado umeshika pasi. Akaiinua, akaibandika juu ya mkono uliomkaba, akaikandamiza mpaka Nyundo akalia kama mtoto na ngozi ikabaki kwenye chuma. Harufu ile ikameza ya rehani. Nilifurahi, na simwombi mtu radhi.

Majirani wakampeleka hospitali. Dada akafagia, akaokota miche iliyopona, akaifunga trei iliyopasuka kwa uzi wa kushonea suti.

Nyundo alirudi kesho yake, mkono umefungwa bendeji. Tangu amwoe dada, hakuwahi kuingia nyumba ile kwa hodi. Siku hiyo alisimama nje, akabisha.

Dada alikuwa akimwagilia. Pasi ilikuwa mezani, inapata moto.

"Nguo zako ziko kwenye mfuko hapo mlangoni," alisema bila kugeuka, kisha akaisogeza trei karibu zaidi na kioo, mahali ambapo hata aliye nje angeiona.